Mzio wa Samaki na Makuzi ya Mtoto

Katika pwani yetu, tangu Vanga hadi Kiunga, samaki ni kitoweo cha tajiri na maskini. Mwenye fedha hununua nguru; asiye na fedha hutosheka na dagaa; na wote wawili huinuka mkekani wakimshukuru Mungu. Mgeni hukaribishwa kwa samaki, na mgonjwa anayeanza kupata nafuu hupewa mchuzi wa samaki ili nguvu zimrudie. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba hali samaki hutazamwa kwa mshangao. Akiwa mtu mzima hudhaniwa kuwa ana maringo. Akiwa mtoto hudhaniwa kuwa anadeka. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza kama ni mwili wake uliokataa.

Lugha yetu ina neno kwa hali hiyo, nalo ni mzio. Wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu hujiepusha nacho kwa sababu humdhuru, au kwa sababu amekatazwa na mganga. Siku hizi madaktari wamelichukua neno lilo hilo na kulipa kazi maalumu: ni hali ya mwili kukidhania kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, na kukipiga vita. Mzio na mwiko havifanani. Mwiko hulindwa na nia ya mtu, naye akitaka aweza kuuvunja asipatwe na neno. Mzio hulindwa na damu, wala mtu hana ruhusa ya kuuvunja hata akiwa na njaa. Lakini mzio si hukumu isiyobadilika. Huanza, hukomaa, na mara nyingine hupungua au huondoka kabisa, kama yalivyo mambo mengi ya mwili wa mtoto. Aliyeutazama siku moja tu hajaujua.

Mimi nilianza kujifunza habari hizi kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu. Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, na likizo yangu ya Aprili niliimaliza nyumbani kwa dada yangu, katika kijiji cha pwani ya kusini. Mtoto alikuwa na umri wa miezi minane. Tangu kuzaliwa alisumbuliwa na ukurutu katika mashavu na viwiko. Siku moja bibi yake aliponda mnofu wa changu katika uji akamlisha vijiko viwili. Cha tatu hakikufika kinywani. Midomo ya mtoto ilivimba, mabaka mekundu yakatapakaa kifuani, akatapika, kisha akaanza kupumua kwa mlio kama wa filimbi mbovu. Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki. Tabibu alimdunga sindano pajani, na baada ya dakika chache pumzi ya mtoto ilitulia.

Tuliporudi nyumbani kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Jirani alisema ni kijicho cha watu. Bibi yake alisema samaki yule hakuwa mzima, ingawa sote tulimla tusidhurike. Babu yake alisema mtoto apewe kidogo kidogo kila siku mpaka azoee, kwa kuwa mtoto wa mvuvi asiyekula samaki ni jambo lisilosikika. Dada yangu aliyachukua maneno hayo yote kwa tabibu. Tabibu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Mama, asionje samaki wa aina yoyote mpaka aonwe na daktari wa watoto. Kumzoeza nyumbani ni kuchezea roho yake."

Ni nini kilichotokea katika mwili wa mtoto yule? Damu yetu ina walinzi waitwao kingamwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu vya maradhi. Katika mzio, mwili hutengeneza kingamwili za namna moja, ziitwazo imunoglobulini E, dhidi ya protini ya chakula. Mara ya kwanza mwili na protini hiyo vinapokutana hapaonekani ishara yoyote. Mwili hujifunza kimya kimya. Kingamwili hizo hujishika juu ya seli fulani zilizomo katika ngozi, pua, mapafu na matumbo. Seli hizo zimejaa kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Protini ile ikirudi tena, kingamwili huinasa, na seli humwaga kemikali zake kwa dakika chache. Ndipo ngozi huwasha na kuvimba, tumbo husokota, mapafu hubana, na katika hali mbaya kabisa nguvu ya msukumo wa damu huanguka mgonjwa akazimia.

Msomaji aweza kuuliza: mtoto ambaye hajapata kula samaki, mwili wake ulijifunza wapi kumchukia? Wataalamu wengi wa siku hizi waona kwamba ngozi ni mlango mmoja. Ngozi yenye ukurutu ina nyufa ndogo zisizoonekana, na katika nyumba ya wavuvi protini ya samaki imo katika vumbi, katika nguo na katika mikono inayombeba mtoto. Huingia kwa njia ya ngozi kabla ya kuingia kwa njia ya kinywa. Ndiyo sababu watoto wenye ukurutu mkali katika miezi ya mwanzo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mzio wa chakula.

Jinsi elimu hii ilivyopatikana ni habari ya samaki pia. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Austria, ndiye aliyeipa hali hii jina linalotumiwa na madaktari wa Ulaya hata leo. Lakini hakuna aliyejua ni kitu gani katika damu kinachoileta. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni Wrocław wa Poland, walikuwako madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa. Kipande kidogo kilitosha kumletea mwasho, uvimbe na kikohozi. Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenzake akajidunga kidogo katika ngozi yake mwenyewe. Siku iliyofuata alijidunga mahali pale pale dawa iliyotengenezwa kwa samaki. Mahali hapo pakavimba na kuwasha, ingawa Prausnitz mwenyewe hakuwa na mzio wa samaki. Hivyo ilithibitika kwamba mzio hukaa katika damu, na kwamba si hila wala woga. Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka 45 zaidi. Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliofanya kazi Marekani, walikitambua. Wataalamu wawili wa Sweden, S. G. O. Johansson na Hans Bennich, walikifikia kwa njia yao. Na mwaka 1968 kikakubaliwa rasmi kwa jina la imunoglobulini E.

Kitu kinachochukiwa ndani ya samaki nacho kimejulikana. Mara nyingi ni protini ya misuli iitwayo pavalbumini, ambayo humsaidia samaki kukaza na kulegeza misuli yake anapoogelea. Protini hii ni sugu. Moto wa kawaida wa jikoni hauiharibu, na juisi ya tumbo huishinda kwa shida. Hujipenyeza katika mchuzi, na hupanda hata pamoja na mvuke wa chungu kinachotokota, kwa hiyo wako watoto wanaobanwa na pumzi kwa kusimama tu karibu na jiko. Na kwa kuwa pavalbumini ya samaki mmoja hufanana sana na ya mwingine, mtoto anayedhurika na changu yamkini atadhurika na tafi, kolekole na hata sato wa ziwani. Kamba, kaa na pweza wako mbali. Protini yao inayoleta mzio ni nyingine, na mtu aweza kuwa na mzio wa huku asiwe na wa kule.

Jambo hili la protini kukaa katika mafuta nililishuhudia matunda yake. Mpwa wangu alipokuwa na umri wa miaka 11 alinunua viazi karai viwili nje ya lango la shule. Karai iliyokaangia viazi ndiyo iliyokuwa imekaangia samaki asubuhi. Alipoanza kujikuna shingo na kusema kwamba koo linamkaba, wenzake waliangua kicheko. Mmoja akauliza, "Viazi navyo vina mapezi?" Msichana mmoja aliyekaa naye dawati moja hakucheka. Alimwona midomo inabadilika, akatoka mbio bila ya kuomba ruhusa mpaka chumba cha walimu. Kwa mbio zake mtoto alifikishwa hospitali akiwa hai. Nilipozungumza baadaye na wale waliocheka, niliona kwamba hawakuwa na moyo mbaya. Hawakuwa wamepata kuambiwa kwamba mtu aweza kufa kwa harufu ya kitoweo cha mwenziwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa natufike kwenye mabadiliko ya mzio kadiri mtoto anavyokua. Mizio ya utotoni haina tabia moja. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe au wa mayai huuacha nyuma wakiwa bado wadogo, kama waachavyo meno ya utoto. Mzio wa samaki una shingo ngumu. Huhesabiwa pamoja na ule wa njugu karanga na wa korosho, ambao aghalabu hudumu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mwenye mzio wa samaki ataishi nao maisha yake yote. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, ukiwemo ule wa watoto wa Ugiriki waliofuatwa kwa miaka, umelegeza dhana hiyo. Wako wanaoanza kumvumilia samaki wanapofika umri wa ujana. Wengine huvumilia baadhi ya samaki na kudhuriwa na wengine. Samaki wenye nyama nyekundu, kama jodari, wana pavalbumini kidogo kuliko wenye nyama nyeupe. Na papa na taa, ambao mifupa yao ni laini, wana pavalbumini ya namna nyingine.

Lakini ni nani ajuaye kwamba saa ya mabadiliko imewadia? Hapa ndipo penye hatari kubwa, hasa kwa kijana. Kijana huchoka kuwa tofauti. Miaka imepita bila ya dhara, naye husahau kwamba imepita hivyo kwa sababu alijihadhari. Mwenzake humwambia, "Onja kidogo tu, wewe si mtoto tena," naye huona haya kukataa. Kuonja huko si ushujaa. Daktari hupima ngozi kwa tone na sindano ndogo, hupima kingamwili katika damu, huangalia kama zimepungua mwaka hata mwaka. Na hata hivyo hazitoshi kukata shauri. Shauri hukatwa kwa kumlisha mtoto chakula chenyewe, kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa taratibu, hospitalini, dawa ikiwa tayari mkononi.

Desemba 2023 nilimpeleka mpwa wangu kwenye kipimo hicho katika hospitali moja ya Mombasa. Alikuwa na miaka 13. Alianza na chembe ya jodari wa mkebe, ndogo kama punje ya mtama. Tukangoja. Akapewa nyingine kubwa kidogo, tukangoja tena. Saa zilipita, nami nilikuwa nikimtazama midomo kuliko nilivyopata kumtazama mtu yeyote. Mwishowe alimaliza kipande kizima, na hakuna kilichomtokea. Siku nyingine alijaribiwa kwa changu. Kwa kipimo cha pili tu ulimi ulimwasha na mabaka yakachomoza shingoni. Daktari akasimamisha kipimo na kumtibu. Mlango ulikuwa umefunguka nusu. Daktari alimruhusu kula jodari wa mkebe peke yake, akamwamuru aendelee kujitenga na samaki wengine na arudi kupimwa baadaye. Tulipokuwa katika matatu ya kurudi nyumbani, mtoto alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mjomba, sasa nina samaki mmoja wangu."

Mabadiliko huweza pia kuja kwa njia ya kinyume. Mtu aliyekula samaki tangu utotoni aweza kupata mzio akiwa mtu mzima. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba takriban watu 40 katika kila 100 wenye mzio wa samaki walipatwa na dalili za kwanza ukubwani. Kwa hiyo asicheke aliyeshiba leo.

Hata hivyo tusiite kila dhara mzio. Jodari, vibua na jamaa zao wakiachwa juani bila ya barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, ile ile inayomwagwa na seli katika mzio. Mlaji huwiva uso, kichwa humgonga na ngozi humwasha. Kupika hakuiondoi histamini hiyo. Sumu ya namna hii huwashika wengi waliokula samaki yule yule. Mzio kwa kawaida humchagua mmoja kati ya walaji. Mganga akiambiwa habari zote, nani alikula, nani alidhurika, na samaki alikaa wapi, ataweza kupambanua. Akifichwa, aweza kumnyima mtu samaki maisha yake yote pasipo sababu.

Wazazi nao wamebadilishiwa mashauri, na yafaa vijana mjue, kwa kuwa kesho ninyi ndio wazazi. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba mtoto wa ukoo wenye mizio asipewe samaki mpaka atimize miaka mitatu. Mwaka 2008 shauri hilo liliondolewa, kwa sababu hapakuonekana uthibitisho kwamba kuchelewesha kunakinga. Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa London kwa watoto wachanga 640 ulionyesha kwamba, kwa njugu karanga, waliopewa mapema walipata mzio kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Siku hizi basi mama hashauriwi kumficha mtoto samaki. Akianza vyakula vingine pamoja na maziwa ya mama, samaki aweza kuwa mmojawapo. Ila mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuonyesha dalili, na aanzishwe kwa shauri la daktari. Kumwonjesha mapema asiye na mzio ni jambo moja. Kumzoeza kwa nguvu aliye nao ni jambo jingine, na wa pili huweza kuua.

Na mambo yakiharibika, kila mwanafunzi yampasa kujua la kufanya. Dawa ya kwanza ya mzio mkali ni sindano ya adrenalini, ambayo hudungwa katika msuli wa upande wa nje wa paja. Vidonge vya kutuliza mwasho havifungui koo linaloziba. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Ikiwa pumzi inambana, aketi. Asisimamishwe wala asitembezwe. Apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana amepata nafuu, maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Sindano zilizotiwa dawa tayari, ambazo mgonjwa hujidunga mwenyewe, ni ghali na ni adimu kwetu. Kwa hiyo mwendo wa haraka kwenda penye tabibu ndio wokovu wa wengi.

Ikiwa yuko darasani mwenu mwenzenu asiyekula samaki, msimwulize kwa kejeli. Mwulizeni hasa ni samaki yupi, dalili zake huanzaje, na dawa yake imo katika mfuko upi. Majibu hayo yajulikane na zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa atakapozidiwa hataweza kuyasema. Naye mwenye mzio asijione kuwa amelaaniwa, wala asijidanganye kuwa amepona kwa sababu amekua. Kila baada ya muda arudi kwa daktari akaulize upya, maana mwili aliokuwa nao mwaka wa kwanza siyo alio nao mwaka wa kumi na tatu. Jibu likiwa bado ni hapana, alishike mpaka aulize tena.